Ulinganisho: kamera mpya, lenzi ya makro au flashi ya juu ya tangi kwa picha za samaki wa nyumbani

Pezi Refu

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha, kwa sababu mwaka huu ninaweza kununua kifaa kimoja tu na sitaki kukinunua kwa kubahatisha.

Tangi langu ni la lita 200: urefu sentimita 100, upana kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma sentimita 40, kimo sentimita 50. Ndani mna tetra neoni wapatao 30, samaki malaika wawili waliokomaa, na koridorasi sita ambao kutwa nzima hupekua mchanga. Kamera yangu ina kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga) cha ukubwa wa kati uitwao APS-C, na ni ya miaka kadhaa iliyopita. Lenzi ni ile ya milimita 18-55 iliyouzwa pamoja nayo. Taa ya tangi ni LED nyeupe ya kawaida. Nikipiga picha mia moja jioni moja, hubaki mbili au tatu za kutazamika, na hata hizo nikizikuza kidogo naona jicho la samaki halina ukali na magamba yamefifia. Nikiongeza kasi ya shata ili neoni wasiache ukungu nyuma yao, kamera inapanda hadi ISO 6400 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kihisi kwa mwanga) na picha inajaa chenga. Nikishusha ISO, samaki anageuka kuwa mstari wa rangi uliopakazwa.

Nimefikiria njia nne. Ya kwanza ni kununua kamera mpya yenye kihisi kikubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, inayosifiwa kwa kustahimili ISO za juu. Ya pili ni lenzi ya makro, ile ya kukuza vitu vidogo kwa karibu, ingawa sijui kama nichague ya milimita 60 au ya 100. Ya tatu ni flashi pamoja na kifyatuzi cha mbali, ili niiweke juu ya tangi. Ya nne ni kuachana na yote hayo na kutumia simu, kwa maana nimeona picha za simu zinazopendeza kuliko zangu. Tafadhali nijibuni kwa sababu na si kwa majina ya kampuni, kwa kuwa ningependa nielewe kinachoniangusha.

Kioo Safi

Ndugu Pezi Refu, umeeleza hali yako kwa namna inayomwezesha mtu kukujibu bila kukisia. Nitaanza na kamera mpya, kwa kuwa ndiyo njia ghali kuliko zote na ndiyo ninayoamini itakusaidia kidogo kuliko zote.

Chukua samaki wa sentimita 4, useme unataka ajaze theluthi mbili za upana wa picha. Kwenye kihisi cha milimita 36, taswira yake inapaswa kuwa na urefu wa milimita 24, yaani ukuzaji (urefu wa taswira ukigawanywa kwa urefu wa samaki) wa 0.6. Kwenye kihisi chako cha APS-C ukuzaji unaohitajika ni karibu 0.4, na kwenye vile vidogo zaidi vya Micro Four Thirds, vyenye upana wa milimita 17.3, ni chini kidogo ya 0.3. Sasa fungua lenzi kwa f/8 katika kamera zote tatu (namba hiyo ikipanda, tundu la lenzi linakuwa dogo). Kina cha fokasi, yaani ule unene wa eneo linaloonekana kwa ukali, kitakuwa takriban milimita 2 kwenye kihisi kikubwa, karibu 3 kwenye chako, na karibu 4 kwenye kile kidogo. Maji yanaongeza kidogo, kwa kuwa yanafanya kila kilichomo kionekane karibu zaidi kuliko kilipo, lakini ulinganisho haubadiliki. Ili kihisi kikubwa kikupe kina kile kile unachopata sasa, itabidi uzibe lenzi hadi karibu f/12, na kwa kuwa mwanga unaoingia utapungua, itabidi upandishe ISO zaidi ya mara mbili. Ile nafuu ya chenga uliyoilipia inaishia hapo hapo.

Sisemi kwamba kamera mpya haina faida. Ulengaji wa kamera za sasa unamfuata mnyama anayetembea kwa wepesi ambao kamera za zamani hazikuwa nao, na anayepiga samaki wakubwa walio mbali kidogo, kwa uwazi mpana na mwanga hafifu, ataiona tofauti waziwazi. Ila neoni aliye karibu na kioo anataka kina, na kina kinataka mwanga, na hakuna kihisi kinachozalisha mwanga.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba unapiga ukiwa umeikabili sura ya kioo moja kwa moja. Mwanga unapotoka majini, kupita kwenye kioo na kuingia hewani unapinda. Kioo kina kipimo cha kupindisha mwanga cha takriban 1.5, maji 1.33, na hewa 1. Ukisimama mkabala na kioo kupinda huko hakukudhuru sana, lakini ukielekeza lenzi kwa mshazari picha inatawanyika, rangi zinaachana kwenye kingo za mapezi, na ukali unapotea hata kama fokasi ilikuwa sahihi kabisa. Nimewahi kumrudishia dukani lenzi yake mtu aliyeamini ni mbovu, kumbe kwa miezi mitatu alikuwa akipigia picha kwenye pembe ya tangi. Dosari hiyo haionekani kwa jicho. Inaonekana pale tu unapokuza picha.

Mwanga wa Juu

Ninakubaliana na ndugu Kioo Safi, na nitakwenda mbele zaidi: kati ya njia zako nne, flashi iliyowekwa juu ya tangi ndiyo pekee inayogusa ugonjwa wenyewe. Nyingine zinatuliza maumivu tu.

Neoni anapogeuka, mkia wake unakwenda kasi kuliko mwili, na shata ya 1/125 haiwezi kuukamata. Flashi ndogo za kufunga kwenye kamera, zikiwaka kwa nguvu kamili, mwanga wake hudumu kwa takriban 1/1000 ya sekunde au zaidi kidogo. Lakini ukizipunguza hadi moja ya nane au moja ya kumi na sita ya nguvu, huzimwa mapema, na mwanga hudumu kwa sehemu moja tu kati ya elfu kadhaa za sekunde. Kipande hicho kifupi cha wakati ndicho kinachokuwa shata yako halisi. Kwa hiyo haidhuru kwamba kamera nyingi haziwezi kwenda na flashi kupita 1/200 au 1/250. Taa ya tangi inakuwa haina mchango wowote kwenye picha, na samaki anachorwa na flashi peke yake. Jambo hili linahusu flashi ndogo hasa. Baadhi ya taa kubwa za studio hufanya kinyume, mwanga wake hurefuka unapopunguza nguvu, hivyo usije ukaazima ya studio ukadhani kwamba kubwa ni bora.

Mipangilio ninayoanzia ni ISO 200, f/11, shata 1/200, na flashi kwa moja ya nane ya nguvu yake. Piga kwanza picha moja flashi ikiwa imezimwa. Ikitoka nyeusi kabisa, uko sawa. Ukiona kivuli cha samaki, ujue kwamba taa ya tangi bado inaingia na itakuachia ukungu kuzunguka mapezi. Kisha washa flashi na urekebishe nguvu yake kwa mkono. Siipendi hali ya kujipima yenyewe, kwa sababu ubavu wa samaki malaika ni kama kioo: akigeuka nyuzi chache tu kamera inadanganyika, picha moja inakuwa nyeupe na inayofuata nyeusi.

Mahali pa kuiweka pana uzito kuliko nguvu yake. Flashi ikikaa juu ya kamera, unapata doa jeupe kwenye kioo, unapata kila chembe inayoelea majini iking'aa kama theluji mbele ya samaki, na samaki mwenyewe anatoka bapa kama picha ya kitambulisho. Ikikaa juu ya tangi ikitazama chini, mwanga haukutani na kioo cha mbele kwa pembe inayorudi kwenye lenzi, na samaki anaangaziwa kutoka upande ambao mwanga humfikia hata mtoni. Kwa neoni kuna sababu ya ziada ambayo hunifurahisha kila ninapoieleza. Ule mstari wake wa buluu haukutokana na rangi iliyopakwa ndani ya ngozi. Ni tabaka za fuwele nyembamba za guanini zinazorudisha mwanga, na kinachorudi kinategemea pembe ambayo mwanga uliingilia. Mwangaze kutoka mbele na mstari unafifia au unabadilika rangi. Mwangaze kutoka juu, ukisogezea flashi upande wa kioo cha mbele kidogo, na mstari unawaka mwili mzima. Ulisema rangi za picha zako zimefifia, na mimi nadhani pembe ya mwanga ina lawama kuliko lenzi.

Usiielekeze flashi tupu majini. Weka kifuniko cha kioo juu ya tangi, juu ya kifuniko tandaza karatasi nyeupe nyepesi au plastiki nyeupe ya maziwa, kisha flashi iwe sentimita 15 au 20 juu yake, ili mwanga utoke kwenye eneo pana na kulainika. Kifuniko hicho pia kinazuia mvuke na matone yanayoruka, na kinazuia kifaa chenyewe kisitumbukie. Uso wa maji utulie, kwa hiyo zima pampu ya hewa kwa muda, la sivyo mawimbi yatachora mistari ya mwanga kwenye migongo ya samaki.

Bi Tumbawe

Nawasalimu nyote. Sipingi hesabu za ndugu Mwanga wa Juu, ila ninaona jibu limetolewa kana kwamba matangi yote yanafanana. Mimi ninafuga matumbawe na samaki wa bahari chini ya LED za buluu, na kwangu flashi ingefuta kile kile ninachotaka kukipiga. Matumbawe mengi yana protini zinazopokea mwanga wa buluu na kuutoa ukiwa kijani, chungwa au nyekundu. Mng'ao huo ni dhaifu, na mwanga mweupe wa flashi unaufunika mara moja. Hapa kinachostahili fedha ni lenzi yenye uwazi mpana, tripodi imara, na kichujio cha rangi ya manjano au chungwa cha kuweka mbele ya lenzi ili kupunguza ile buluu inayoijaza kamera hadi ishindwe kusoma rangi nyingine. Ninapiga faili ghafi za RAW kila mara, kwa sababu taa zinazotajwa kuwa za Kelvin 14000 hadi 20000, yaani zenye mwanga wa buluu sana, ziko nje ya kiwango ambacho kamera nyingi hukipanga zenyewe, na weupe nausawazisha baadaye kwenye kompyuta.

Kuhusu samaki: wengi wao husimama kabisa kwa nusu sekunde wanapobadili mwelekeo, au wanapomtazama mwenzao. Anayewajua samaki wake anangoja nusu sekunde hiyo. Kwa ISO 1600, f/4 na shata 1/125, nimepata picha za samaki wa anemoni ambazo sizionei haya.

Jambo la pili ni hali ya samaki wenyewe. Samaki hawa hawana kope za kufumba. Sijaona wakisumbuka na flashi mchana taa zikiwa zimewaka, lakini nimeshuhudia samaki aliyeshtuliwa gizani akijigonga kwenye mwamba. Yeyote atakayetumia flashi asianze na chumba chenye giza na tangi lililozimwa. Taa ya tangi iwe imewaka angalau saa nzima kabla.

La tatu, wenye kamera zinazoruhusu shata ya kielektroniki isiyo na sauti waizime. LED nyingi zinapopunguzwa mwanga huwa kwa kweli zinawaka na kuzimika haraka sana, na kihisi kinachosoma mstari baada ya mstari huchora michirizi ya giza na mwanga kwenye picha nzima. Niliwahi kulaumu taa yangu wiki mbili kabla ya kugundua hilo.

Mwanga wa Juu

Dada Tumbawe, kwa matumbawe yanayong'aa sina la kuongeza, uko sahihi kabisa, na hilo la kutoanzia gizani ningepaswa kulisema mimi mwenyewe. Ila f/4 ya samaki wa anemoni, ambaye anaelea mahali pamoja, haitamfaa neoni anayekwenda na kundi. Ukipata jicho, mkia unakuwa umetoka nje ya fokasi.

Lenzi Kuukuu

Naona kila mtu ameipita lenzi ya 18-55 kana kwamba haina kazi. Lenzi nyingi za aina hiyo, zikivutwa hadi milimita 55 na kulengwa karibu mwisho wa uwezo wake, hufikia ukuzaji wa takriban 0.3. Ndugu Kioo Safi amekwisha kukokotoa kwamba samaki wa sentimita 4 anahitaji 0.4 ili ajaze theluthi mbili za picha. Maana yake ni kwamba kwa lenzi uliyo nayo samaki huyo atajaza nusu ya picha, na kupunguza kingo za picha ni kazi ya dakika moja. Lenzi hizo ni laini zikiwa wazi, lakini zikizibwa hadi f/8 au f/11 nyingi zina ukali wa kutosha kuhesabu magamba. Hujawahi kuiona ikifanya kazi hapo kwa sababu hukuwa na mwanga wa kuipeleka hapo.

Ukija kutaka ukuzaji zaidi, kuna hatua kadhaa kabla ya kununua makro. Pete za kurefushia ni mirija mitupu isiyo na kioo, hukaa kati ya kamera na lenzi, na ukuzaji zinaoongeza ni urefu wa pete ukigawanywa kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 12 kwenye lenzi ya 50 inaongeza 0.24, na lenzi yenyewe ina karibu 0.15, kwa hiyo unafika karibu na 0.4 ile ile. Kasoro yake ni kwamba hutaweza tena kulenga mbali: kwa mfano huo, samaki lazima awe kati ya sentimita 18 na 26 hivi mbele ya lenzi, nje ya hapo humpati. Samaki malaika mzima mzima msahau. Chagua pete zenye viunganishi vya umeme ili kamera iendelee kuzungumza na lenzi.

Vioo vya kukuzia vinavyobanwa mbele ya lenzi vina kikwazo kikubwa zaidi kwa tangi. Raynox DCR-250, ambacho wapiga picha za wadudu wanakipenda, kina nguvu ya dayopta 8, na hiyo maana yake ni kwamba mwisho wa kuona kwake ni sentimita 12.5. Mdudu kwenye jani unaweza kumsogelea, lakini samaki ndiye anayeamua kukusogelea au kutokusogelea.

Mimi mwenyewe natumia Micro-Nikkor ya zamani ya milimita 55, f/2.8, kwa adapta. Inafika nusu ya ukubwa halisi bila kuongezewa kitu, na ninalenga kwa mkono: naweka umbali mmoja, kisha nasogea mbele na nyuma na mwili wangu hadi jicho likae sawa. Ni kazi ya subira, na siyo kila mtu ataipenda, ila mkono wangu umeshaizoea na haukosei kama ulengaji wa kamera unavyokosea unapovutwa na mkwaruzo wa kioo.

Pezi Refu

Nawashukuru mno. Sikujua kabisa kwamba lenzi yangu inafika 0.3. Hata hivyo, mwakani nikipata nafasi ya makro, ningependa kujua kati ya 60 na 100 ipi inalifaa tangi la upana wa sentimita 40. Wauzaji wote wanasema 100 ni bora kwa sababu "inakuweka mbali na mdudu".

Kioo Safi

Kwa mdudu wanasema kweli. Kwa tangi, fikiria samaki wako mmoja mmoja.

Neoni kwa ukuzaji wa 0.4 yuko takriban sentimita 21 mbele ya lenzi ya 60, na sentimita 35 mbele ya lenzi ya 100. Umbali huo ni ule unaoonekana na lenzi, si ule halisi ndani ya maji. Kitu kilicho sentimita 20 ndani ya maji kinaonekana kana kwamba kiko 15. Kwa hiyo ukiwa na 60 unaweza kuigusisha lenzi kwenye kioo na bado ukampata neoni aliye katikati ya tangi, ilhali kwa 100 samaki huyo huyo anakulazimisha urudi nyuma sentimita 20 hivi kutoka kwenye kioo. Sasa mchukue samaki malaika mwenye kimo cha sentimita 15 pamoja na mapezi, umtake wote ndani ya picha ya mlalo. Ukuzaji unashuka hadi 0.1, na lenzi ya 100 inakupeleka zaidi ya mita moja kutoka kwake, wakati ya 60 ni sentimita 66. Kutoka mita moja, kati yako na tangi kuna chumba kizima kinachojiakisi kwenye kioo: dirisha, shati lako, uso wako.

Kugusisha lenzi kwenye kioo kuna manufaa ambayo hayapatikani kwa njia nyingine yoyote. Nunua kofia ya mpira ya lenzi, ile laini inayokunjika, uibane kwenye kioo, na mwakisiko wote unakwisha kwa sababu hakuna mwanga wa chumba unaoweza kupenya. Mpira pia unalinda kioo. Kama tangi ni la akriliki hilo ni la lazima, kwani akriliki inakwaruzika hata kwa kitambaa kikavu.

Kwa kihisi cha APS-C na tangi la upana wako ningechukua 60. Mwenye kihisi kikubwa angechukua 90 au 100, na vivyo hivyo mwenye kamba wadogo wa sentimita 2 anaotaka kuwapiga kwa ukubwa halisi, kwa sababu katika ukuzaji huo lenzi ya 60 inabakiza sentimita kati ya 5 na 10 tu mbele yake na kamba akirudi nyuma hatua mbili umemkosa. Kumbuka pia kwamba ukifika ukubwa halisi, f/8 iliyoandikwa kwenye kamera ina mwanga wa f/16, kwani taswira imetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kwa mara nyingine tena, unarudi kwenye flashi.

Maji Tulivu

Na je, kichujio cha polaraizi hakitoshi kuondoa mwakisiko? Hunisaidia sana kwenye mabwawa.

Kioo Safi

Kwenye bwawa unatazama maji kwa mshazari, na ndipo kichujio hicho kinapofanya kazi. Kwa kioo, nguvu yake kamili iko karibu na nyuzi 56 kutoka kwenye mstari unaokikabili, na ukikikabili moja kwa moja, kama tulivyokubaliana kwamba lazima ukikabili, hakiondoi chochote. Kinachofanya ni kukunyang'anya mwanga, nusu yake au zaidi. Zima taa za chumba, funga pazia, vaa nguo nyeusi, tumia kofia ya mpira.

Mpita Njia

Nitetee simu kidogo, kwa kuwa ndiyo ninayotumia. Kihisi chake kidogo kinatoa kina kikubwa cha fokasi, kwa hiyo samaki mzima hutoka akiwa na ukali, na lenzi yake ndogo inakaa kwenye kioo bila kuhitaji kofia. Kwa samaki anayetulia, kama beta aliyelala kwenye jani, picha zake ni nzuri na kwenye skrini ya simu nyingine huwezi kuitofautisha na kamera. Kwa neoni imenishinda. Simu huunganisha picha kadhaa ili kupunguza chenga, na samaki anayetembea kati ya picha hizo anatoka kama amepakwa rangi ya maji. Nadhani ulizoziona ni za samaki waliotulia. Video, hata hivyo, simu inapiga vizuri sana.

Pezi Refu

Nimerudi baada ya wiki moja. Niliazima flashi na kifyatuzi kutoka kwa rafiki, nikafuata maelekezo yenu hatua kwa hatua. Jana yake nilibadilisha sehemu ya maji, nikasugua kioo ndani na nje. Jioni ya kupiga picha nilizima kichujio cha maji robo saa kabla ili chembe zitue, nikafunga pazia, taa ya tangi ikawa imewaka tangu mchana. Lenzi ni ile ile ya 18-55, ikiwa kwenye 55, f/11, ISO 200, shata 1/200. Picha ya kwanza bila flashi ilitoka nyeusi tii, kama ndugu Mwanga wa Juu alivyosema. Kwa flashi, moja ya nane ilikuwa kali mno kwa samaki malaika, nikashusha hadi moja ya kumi na sita.

Nilipiga 60 na nikabakiza 19. Katika mojawapo neoni amegeuka nusu, na miale ya pezi la mkia inahesabika mmoja mmoja. Mstari wa buluu ninaouona kwa macho kila siku umeonekana kwenye picha kwa mara ya kwanza tangu nianze. Samaki hawakuonyesha kushtuka baada ya mimweko mitatu minne ya kwanza. Koridorasi hawakujali tangu mwanzo. Nyingi nilizozifuta zilikosa fokasi tu, kwa sababu kamera ilidaka kioo au mmea, na nyingine samaki alikuwa ameelekea nyuma.

Kwa hiyo nimeamua: nitanunua flashi na kifyatuzi, na fedha itakayobaki inatosha kofia ya mpira, na pengine seti ya pete za kurefushia aliyoitaja mzee Lenzi Kuukuu kama nitapata lenzi ya 50 ya kuzifungia. Makro ya 60 itangoja. Limebaki tatizo moja: samaki malaika wanatoka wakiwa na migongo iliyoangaza vizuri na matumbo yaliyo gizani. Mchanga wangu ni mweusi. Je, niongeze flashi ya pili ubavuni?

Mwanga wa Juu

Usinunue ya pili bado. Mchanga mweusi unameza mwanga wote unaofika chini, na ndiyo maana matumbo hayapati kitu. Chukua kipande cha plastiki nyeupe isiyo na madhara kwa samaki, ukilaze juu ya mchanga karibu na kioo cha mbele, chini kidogo ya mstari ambao picha inakomea, na umpige samaki anapopita juu yake. Mwanga utaruka kutoka kwenye plastiki na kupanda hadi tumboni. Sogeza pia flashi mbele sentimita kumi, karibu na ukingo wa kioo cha mbele, ukiielekeza nyuma kidogo, ili ubavu unaotazama kamera upate zaidi ya mgongo. Na kabla ya kuisogeza ukingoni, ifunge kwa kamba kwenye kitu kisichohama.

Pezi Refu

Nimejaribu sasa hivi, kwa kifuniko cheupe cha kopo la plastiki lililokuwa la chakula chao. Tumbo limeonekana, na hata ile pete nyekundu ya jicho imetoka. Kamba nimeifunga.